Badala ya mkate na chai ya asubuhi: jibu kwa msomaji wa Igoma

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Igoma hapa Mwanza, nyumbani tuko sita. Kila asubuhi tunakunywa chai ya maziwa na mkate mweupe wa siagi. Watu wazima tunakula slesi nne nne, na kila mmoja anakunywa vikombe viwili vya chai, vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe. Mwezi uliopita mume wangu alipimwa sukari kabla ya kula ikasoma 6.6. Daktari akasema bado si kisukari, abadili chakula na arudi baada ya miezi mitatu. Hajaanzishiwa dawa. Nilijaribu mkate wa kahawia, watoto wakaukataa, na hata huo ikifika saa nne sote tuna njaa. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na watoto wawili wanabeba kitafunwa shuleni. Tule nini badala ya mkate, kwa fedha ileile, bila mimi kuamka usiku wa manane?

Jibu: Marahaba, dada. Umefanya vizuri kuleta vipimo, maana bila vipimo ningebaki kukupa maneno matupu. Sukari ya 6.6 (kwa milimoli kwa lita) kabla ya kula iko kati ya 6.1 na 6.9: imepita kawaida, lakini haijafika 7.0 ambako daktari huanza kuzungumzia kisukari. Katika hatua hii sahani ya shemeji bado ina nguvu kubwa, kwa hiyo umeuliza kwa wakati.

Tuanze na hesabu ya mezani kwenu. Slesi moja ya mkate mweupe ina uzito wa gramu 30 hivi, na nusu ya uzito huo ni wanga. Slesi nne ni gramu 60 za wanga. Vijiko sita vya sukari, kila kimoja gramu nne kikiwa hakijajazwa kilima, ni gramu 24 nyingine. Shemeji anatoka nyumbani na gramu 84, karibu zote za aina inayoingia kwenye damu haraka, na pamoja nazo nyuzinyuzi gramu tatu tu. Sukari ya damu inapanda ghafla, mwili unatoa insulini kuikabili, inashuka, na saa nne tumbo linadai tena. Mkate wa kahawia haukubadili kitu kwa sababu vijiko sita vilibaki palepale na slesi nne zilibaki nne. Isitoshe, ipo mikate ambayo ukahawia wake ni wa rangi, unga wenyewe ni uleule mweupe.

Kwa hiyo usitafute kitu kimoja cha kukaa mahali pa mkate. Ukiondoa mkate ukaweka chapati, au ukaweka kilima cha viazi na chai ileile ya sukari, hujabadili kitu. Kinachobadilishwa ni mlo mzima: kipande cha mzizi au nafaka isiyokobolewa chenye ukubwa wa ngumi ya anayekula, kando yake jamii ya kunde, yai au samaki, kisha tunda au mboga kama ipo. Chai inakuja na sukari kidogo au bila sukari kabisa.

Sukari naitanguliza kwa sababu ndiyo itakayolipia mengine. Watu sita, vikombe viwili, vijiko vitatu: ni vijiko 36 kwa siku, gramu 144. Kwa wiki ni kilo nzima kwenye chai ya asubuhi peke yake. Mkishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe mnabakiza theluthi mbili ya kilo kila wiki, na hiyo ni fedha ya choroko na mayai. Cha kwanza, acha kutia sukari kwenye sufuria au chupa ya chai. Kila mtu aitie kikombeni mwake, ndipo mtaiona. Wiki ya kwanza vijiko viwili, ya pili kimoja na nusu, ya tatu kimoja. Ulimi huzoea ukipewa muda huo, ila ukikata yote siku moja watoto watagoma. Tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai husaidia chai isionekane imepooza. Shemeji aendelee kushuka hadi asitie kabisa. Asali isikudanganye, mwilini nayo ni sukari.

Sasa viazi vitamu, ambavyo kwa mtu wa Mwanza ndivyo ningevipa nafasi ya kwanza. Vinafika sokoni karibu mwaka mzima kutoka Misungwi, Sengerema na Magu, na vinapikwa jioni vikaliwa asubuhi bila kuharibika. Kwa watu sita chukua kilo moja na nusu. Chagua vya ukubwa wa wastani vinavyolingana, ili vyote viive pamoja. Vioshe, usivimenye, vipange sufuriani na maji yafike nusu ya kina chake tu, funika vizuri. Vikianza kuchemka punguza moto na hesabu dakika 25 hadi 30. Kisu kikipenya hadi katikati bila kukwama, mwaga maji yote mara moja, rudisha sufuria kwenye jiko kwa dakika mbili bila mfuniko ili mvuke utoke. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka, ndiyo maana viazi vyao asubuhi vinakuwa na majimaji na utelezi. Viache vipoe na maganda yake, funika kwa kitambaa safi. Asubuhi menya, kata vipande vinene, pasha kwenye kikaango kikavu dakika tatu kila upande.

Kuchemsha nakusisitizia kwa sababu. Kiazi kitamu kikichomwa au kikiokwa muda mrefu, vimeng'enya vyake hugeuza sehemu kubwa ya wanga kuwa sukari, ndiyo maana cha kuchoma ni kitamu zaidi, na ndiyo maana kinapandisha sukari ya damu zaidi ya kile cha kuchemsha. Kupoa usiku kucha nako kuna faida yake: sehemu ya wanga hugeuka kuwa ngumu kumeng'enywa, na haiondoki yote ukipasha moto. Faida hiyo si kubwa kiasi cha kumruhusu mtu kula viazi vitano. Viazi vyetu vyeupe vya kanda hii ni vikavu na vina wanga mwingi kuliko vile vya majimaji vinavyoandikwa kwenye majedwali ya nchi nyingine. Hesabu gramu 25 za wanga kwa kila gramu 100, si 18. Shemeji achukue gramu 150, yaani kiazi kimoja cha kadiri ya ngumi yake.

Ukikuta viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, wape watoto hivyo. Vina vitamini A kwa wingi, lakini mwili hauichukui vizuri bila mafuta, kwa hiyo viliwe na karanga, parachichi au yai. Viazi vyenye matundu ya fukusi au madoa meusi yenye uchungu, usikate kidogo ukaendelea. Uchungu huo ni sumu ambayo kiazi hutengeneza kikishambuliwa, na moto hauimalizi. Kitupe.

Kisha kuna michembe na matobolwa, vyakula ambavyo nasikitika kuona vinaachiwa bibi kijijini. Kama shemeji ni Msukuma atakuwa anavijua kabla hujamaliza kuvitaja. Michembe ni viazi vibichi vilivyomenywa, kukatwa na kuanikwa. Matobolwa vimechemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Michembe inaoshwa, inachemshwa hadi ilainike, na mwishoni inatiwa karanga zilizotwangwa. Matobolwa huliwa makavu yakitafunwa, au hulainishwa kwa maji ya moto kwa dakika kumi. Angalia kipimo hapa, kwa maana maji yakishatoka kinachobaki karibu chote ni wanga: gramu 60 za michembe mikavu, konzi mbili ndogo, ni sawa na slesi tatu na zaidi. Nunua vilivyokauka hadi kuvunjika kwa sauti, visivyo na unga unga wa wadudu chini ya gunia wala harufu ya ukungu. Vihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Muhogo nao unafaa, lakini una masharti. Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha zina wanga gramu 35 hivi, kwa hiyo kipande cha shemeji kiwe kidogo kuliko kile cha kiazi, na protini yake ni karibu hakuna. Tumia muhogo mtamu pekee kwa kuchemsha: menya ganda la nje na lile la ndani la waridi, pasua utoe uzi wa katikati, chemsha sufuria ikiwa wazi, mwaga maji yale. Muhogo mchungu hauondolewi sianidi, sumu iliyomo ndani yake, kwa kuchemsha. Unahitaji kulowekwa au kuvundikwa siku kadhaa na kukaushwa, kama inavyofanyika kwa udaga. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa sababu ya muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka katika kipindi ambacho mboga zenye protini zilikuwa haba. Mwili hutumia sehemu ya protini kuivunja sumu hiyo, kwa hiyo muhogo na dagaa katika sahani moja ni mpango wenye akili kweli. Ukionja muhogo mbichi ukaukuta mchungu, usiwape watoto.

Ndizi za kupika kutoka Kagera na magimbi ni mbadala mzuri wa kubadilisha ladha, kipimo chake ni kama cha kiazi au pungufu kidogo. Ndizi ziwe mbichi kabisa. Zikianza kuwa na njano, wanga wake umeshaanza kuwa sukari.

Haya yote ni upande mmoja wa sahani, na ukiishia hapo njaa ya saa nne itarudi. Kinachoizuia ni protini na nyuzinyuzi, na kwa fedha ndogo hakuna kinachoishinda choroko. Usiku kabla ya kulala loweka kikombe kimoja cha choroko zilizochambuliwa mawe. Ukiamka mwaga maji hayo, tia maji mapya, weka jikoni kabla ya kuwaamsha watoto. Zilizolowekwa huiva kwa dakika 20 hadi 25, wakati ule ule unaotumia kuwaogesha. Tia kitunguu, nyanya na chumvi zikishalainika, kwa sababu nyanya ikitangulia ganda linakawia kulainika. Ukitaka haraka zaidi, zimwage maji baada ya kulowekwa, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu siku nzima hadi zichipue kidogo, zisuuze vizuri, zitaiva kwa robo saa. Usitumie magadi kuharakisha. Yanaharibu vitamini za kundi B na kuongeza sodiamu ambayo mwenye sukari ya kupanda haihitaji. Jamii ya kunde inayokataa kuiva hata baada ya kulowekwa mara nyingi ni ya zamani, iliyokaa sana ghalani kwenye joto, na safari ijayo badilisha muuzaji.

Hesabu tena sahani ya shemeji: kiazi gramu 150, choroko zilizoiva nusu kikombe, yai moja, chai bila sukari. Wanga gramu 55 hivi badala ya 84, nyuzinyuzi zaidi ya gramu kumi badala ya tatu, protini gramu 15. Hiyo ndiyo tofauti nitakayotaka kuiona kwenye kipimo chake.

Dagaa waingie angalau siku mbili kwa wiki. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao tunapata kalsiamu ambayo watoto wanaihitaji. Wanunue Mwaloni Kirumba au kwa muuzaji unayemjua, wakati wa giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupata kidogo na bei hupanda. Chagua waliokaushwa juu ya chanja: wanang'aa rangi ya fedha na hawana mchanga. Wa mchangani waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kisha watoe kwa mkono ukiwahamishia kwenye maji mengine, mara tatu. Ukimimina bakuli lote kwenye chujio unaurudisha mchanga uliokuwa umeshazama. Wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, moto mdogo, dakika nane hadi wawe wakavu wa kuvunjika, malizia na ndimu, pilipili na kijiko kimoja cha mafuta. Gramu 100 zinatosha watu sita. Wakikaangwa hivyo Jumamosi na kuhifadhiwa kwenye chombo kikavu, vinakuwa kitafunwa cha dakika moja katikati ya wiki.

Kuna siku ambayo watoto watataka kitu cha kukunja mkononi. Siku hiyo pika chapati za maji za dengu. Dengu zinalimwa hapa hapa, kwenye udongo mweusi wa mbuga wa Kwimba, Misungwi na Magu, mara nyingi baada ya kuvuna mpunga. Chukua vikombe viwili vya unga wa dengu, gramu 220 hivi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, bizari kidogo, kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo sana, karoti moja iliyokwaruzwa na konzi ya mchicha uliokatwa. Maji ni kikombe kimoja na robo tatu. Anza na kikombe kimoja, koroga hadi mabonge yaishe, ndipo umalizie. Acha rojo litulie nusu saa ili unga unywe maji. Kikaango kipate moto kwanza, tone la maji likidondoka liruke. Pakaza kijiko cha chai cha mafuta, mimina upawa mmoja, sambaza upesi kwa mgongo wa upawa. Moto uwe wa wastani. Dakika mbili hadi tatu ukingo utajiinua wenyewe na juu patakuwa pamekauka, ndipo ugeuze kwa dakika mbili.

Makosa yake ni manne na yote yanajionyesha. Ikinata, kikaango kilikuwa baridi au umegeuza mapema. Ikikatika, maji yamezidi, ongeza vijiko viwili vya unga. Ikiwa na harufu ya ubichi na kuacha uchungu kooni, umeimimina nene mno na katikati haikuiva. Ikiwa ngumu kama ngozi, moto ulikuwa mdogo na umeikausha badala ya kuiivisha. Rojo hilo linatoa chapati saba. Mbili zina wanga gramu 36, protini 14 na nyuzinyuzi karibu saba, wakati chapati ya ngano ni unga uleule wa mkate ulioongezewa mafuta. Kama unasaga dengu zako mwenyewe mashineni, zikaange kavu kidogo kwanza na ukumbuke kwamba unga wenye maganda unataka maji zaidi.

Kiporo ni kitafunwa halali, nami sipendi kinavyodharauliwa. Makande ya jana yenye mahindi yasiyokobolewa na maharage ni kifungua kinywa bora kuliko karibu kila kinachouzwa kwenye mfuko wa plastiki. Ila kuna la tahadhari kuhusu wali. Mchele una vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, na wali ukilala mezani kwenye joto letu, vinazaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kama una friji, usambaze wali kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja hadi mbili, na asubuhi upashwe hadi utoe mvuke kote. Kama huna friji, usilaze wali wala makande. Laza viazi vya maganda, na dengu au choroko zilale zikiwa zimelowekwa, hazijapikwa.

Uji unahitaji maneno machache, kwa sababu wengi wanaambiwa uji wa ulezi ni dawa ya sukari. Si dawa. Ulezi ni nafaka nzuri yenye kalsiamu nyingi, lakini ukishasagwa laini na kupikwa uji mwepesi, wanga wake unameng'enywa upesi, na vijiko vya sukari vikiongezwa tumerudi kwenye mkate. Watoto waunywe, uwe mzito, na maziwa au karanga badala ya sukari nyingi. Shemeji akiupenda, nusu kikombe, bila sukari, pamoja na yai au choroko. Na zile unga za lishe zenye nafaka na kunde nane ndani ya mfuko mmoja sizipendekezi. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka unga huchacha mapema, soya isipopikwa au kukaangwa vya kutosha huzuia umeng'enyaji wa protini, na punje moja mbovu ikishasagwa huioni tena. Sumu kuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, imeshaua watu nchini, Dodoma na Manyara mwaka 2016, kupitia mahindi. Saga nafaka peke yake. Karanga zichambue kwa mkono, utupe zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha uzitwange kidogo kidogo.

Maandazi, vitumbua vya sukari, mihogo ya kukaanga na chipsi viachie siku za sherehe.

Kwa mkoba wa shule, kinachoharibu kitafunwa mara nyingi ni mvuke. Mama anafunga kopo chakula kikiwa cha moto, maji yanajikusanya kwenye mfuniko, na saa nne mtoto anakuta kitu kilicholowa chenye harufu. Acha kipoe kabisa ndipo ufunge. Yanayosafiri vizuri ni chapati za dengu, vipande vya kiazi kilichopashwa kikavu, yai na ganda lake, matobolwa na karanga zilizokaangwa. Choroko na maharage yenye nyanya yabaki nyumbani. Chungwa la Ukerewe likiwa msimu wake litoshe badala ya juisi ya kopo. Kama watoto wanaona aibu kuwa na viazi wakati wenzao wana mkate, anza na chapati za dengu, kwa sababu kwa macho zinafanana na za kawaida.

Sikukatazi mkate daima. Siku mbili kwa wiki kuleni, na mtu mzima apate slesi mbili. Pakaza parachichi au siagi ya karanga isiyo na sukari, weka yai au dagaa kando. Ukinunua wa kahawia, soma viungo: huandikwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza kiwe unga wa ngano nzima au atta, na nyuzinyuzi zifike gramu sita kwa kila gramu 100. Pungufu ya hapo unalipia rangi.

Jambo moja la mkate ambalo mnapaswa kulifidia: tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani nchini huongezewa madini ya chuma na asidi ya foliki. Mkiacha mkate, na unga wenu wa ugali unatoka mashine ya mtaani usioongezewa chochote, virutubisho hivyo vinapungua. Choroko, dengu na mboga za majani vina foliki ya kutosha mkivila kila siku. Kama wewe au yeyote nyumbani ni mjamzito au anatarajia, vidonge vya kliniki visiachwe kwa sababu ya chakula kizuri. Na chai msiinywe pamoja na choroko au dagaa kila mara. Majani ya chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa, hivyo ikiwezekana chai ifuate saa moja baadaye, au mle na chungwa.

Wiki ya kwanza ya kunde tumbo litajaa gesi. Anzeni na vijiko vitatu vya choroko kwa mtu, mfike nusu kikombe wiki ya tatu. Kuloweka na kumwaga maji yale hupunguza sana.

Shemeji hana dawa, kwa hiyo anaweza kuanza kesho. Ila msomaji mwingine anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi asipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na kliniki yake, kwa sababu dozi ileile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi akatetemeka, akatoka jasho na kupoteza fahamu. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza, maana viazi, ndizi na kunde vina potasiamu nyingi.

Kama mnaweza kupata kipimo cha kidoleni, mpime mara mbili asubuhi moja: kabla ya kula, na baada ya saa mbili kamili kupita tangu alipoanza kula. Fanyeni hivyo siku moja ya mkate na siku moja ya kiazi na choroko, mwandike kwenye daftari alichokula na kiasi chake. Baada ya saa mbili namba iwe chini ya 7.8. Miili haifanani, na huenda mkaona muhogo unampandisha kuliko kiazi, au ndizi zinamfaa zaidi. Mtakachokiona kwenye daftari kiwe ndicho kinachoamua sahani yake. Siku ya kurudi kliniki aende nalo, na usiku wa kuamkia siku hiyo asile kitu kuanzia saa mbili, anywe maji tu hadi apimwe. Hata chai ya rangi isubiri.